Mwongozo kamili: kudhibiti chemchemi ya mapambo na taa za nje kwenye hoteli ya ufukweni

Kazi hii huwashinda mafundi wengi mahali pale pale. Pampu zimefungwa, taa zimefungwa, taima imenunuliwa, na usiku wa kwanza kila kitu kinapendeza. Haupiti muda, upepo unaanza kuwalowesha wageni mezani, taa zinawaka mchana kweupe, RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) inakata usiku wa manane, na fundi anaanza kuondoa kinga moja baada ya nyingine ili mradi maji yaruke.

Kosa liko kwenye mpangilio wa amri. Mfumo ulianzwa na kuwasha: taima kwanza, kinga baadaye. Ujenge kinyume chake. Kila kinachosema "zima" kwa ajili ya usalama kitangulie, kifungwe kwa waya, na kisiweze kurukwa na programu wala na swichi ya mkono. Kinachosema "washa" kije mwisho. Hatua zilizo hapa chini zinafuata mpangilio huo, kwa hiyo usiruke hata moja.

## Mfano tunaoutumia

Bwawa la duara lenye kipenyo cha mita 10. Pampu moja ya katikati ya kW 5.5 inayorusha maji mita 5 juu, pampu mbili za kW 1.5 za mduara wa pembeni, taa 12 za LED za rangi ndani ya maji, na saketi nne za taa za nje. Umeme ni fezi tatu, V 400, Hz 50, na jenereta ipo. Bwawa lako likiwa kubwa au dogo kuliko hili, idadi ya vifaa itabadilika lakini mpangilio utabaki huu huu.

Kanuni ya kuanzia ni kwamba urefu wa maji yanayorushwa usizidi umbali wa kutoka nozeli (mdomo unaorusha maji) hadi ukingo. Hapa ni mita 5 juu na mita 5 pembeni. Mwenye hoteli akitaka mita 8 kwenye bwawa hilo hilo, mweleze mapema kwamba sakafu italowa na wageni watateleza.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye leseni: Tanzania Bara leseni hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA, mamlaka za udhibiti wa nishati. Kama huna, kaa na fundi aliye nayo tangu siku ya kuchora mchoro.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kasha la paneli la fibaglasi, IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji yanayorushiwa). Kasha la bati lililopakwa rangi halidumu kwenye hewa ya chumvi.
- Breka aina C, na RCD za mA 30: moja kwa kila pampu na moja kwa kila kundi la taa. RCD ya VFD (kifaa kinachobadili kasi ya mota) iwe aina B.
- VFD ya kW 5.5 kwa pampu ya katikati; kontakta (swichi kubwa zinazovutwa na koili ya umeme) na relei za ovalodi (zinazokata mota ikivuta ampea kupita kiasi) kwa pampu mbili ndogo.
- Relei ya kusimamia fezi: mpangilio wa fezi, fezi iliyokosekana, na volti pungufu.
- Relei ya kiwango cha maji na elektrodi nne za chuma cha pua 316.
- Valvu ya solenoidi (inayofunguliwa kwa umeme) ya V 24 ya kujazia maji.
- Kipima upepo cha vikombe.
- PLC ndogo (kompyuta ya kuendesha mitambo) yenye saa ya machweo, kama LOGO! ya Siemens, pamoja na moduli za nyongeza ili upate vitokeo (njia za kutoa amri) visivyopungua 10.
- Kitufe cha dharura chenye kichwa cha uyoga, kitufe cha kuanza, na swichi za Mkono–Zima–Otomatiki.
- Pawa saplai za V 24 DC zenye alama ya SELV (volti ndogo iliyotengwa kabisa na umeme mkuu) kwa taa za majini.
- Kidhibiti cha DMX (mfumo wa kuamuru rangi za taa), kebo yake ya ohm 120, na kizuizi (rezista) kimoja cha ohm 120.
- Masanduku ya kuungia ya IP68 (yanayostahimili kuzama) na resini ya kumimina.
- Multimita, klampu mita na mega (kipima uimara wa insulesheni) ya V 500.

## Hatua ya 1: Mipaka ya umeme na maji

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-7-702 kinagawa eneo la bwawa kwa kanda. Ndani ya bwawa ni kanda 0. Mita 2 kutoka ukingoni ni kanda 1. Kwa taa zilizo ndani ya maji, kikomo ni V 12 za AC au V 30 za DC, na chanzo cha umeme huo lazima kiwe nje ya kanda zote mbili. Kwa hiyo paneli na pawa saplai zikae zaidi ya mita 2 kutoka ukingoni. Mita 3 hadi 5 ni umbali mzuri.

Pampu ni suala jingine. Kama watu wanaweza kuingia bwawani, na hotelini watoto wataingia tu hata uweke kibao gani, weka pampu kwenye chumba kikavu pembeni na upeleke mabomba tu majini. Pampu ya kuzamishwa ya V 400 ni kwa bwawa ambalo hakuna anayeweza kuingia, na bado iwe na RCD yake.

Unganisha chuma chote cha bwawa na waya wa ardhi: mabomba, fremu za nozeli, nondo za zege kama zinafikika, ngazi na vizuizi. Upande wa V 24 wa SELV usiuunganishe na ardhi kabisa. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani wanaongeza usalama, kumbe wanauondoa utengano ambao ndio kinga yenyewe.

Umefaulu ikiwa: mega inaonyesha zaidi ya megaohm 1 kati ya kila kebo ya mota na ardhi kabla hujaunganisha VFD. Mega ikipigwa VFD ikiwa imeunganishwa, VFD itakufa.

## Hatua ya 2: Mnyororo wa kuzima

Hii ndiyo hatua inayorukwa sana. Chukua V 24 za udhibiti na zipitishe kwa mfululizo: kitufe cha dharura, relei ya fezi, relei ya maji machache, kisha mguso 95–96 (unaofunguka ovalodi ikikata) wa kila ovalodi. Baada ya hapo ndipo umeme ufike kwenye koili za kontakta, A1. Kiungo kimoja kikikatika, koili zinaachia, bila kuuliza PLC inasema nini.

Swichi ya Mkono iruke vitu viwili tu: taima na upepo. Fundi wa zamu akihitaji kujaribu pampu saa nne asubuhi, anaweza. Asichoweza ni kuiendesha bila maji au fezi ikiwa imekosekana. Ukikuta paneli ambayo nafasi ya Mkono inapeleka umeme moja kwa moja kwenye koili, umeshajua pampu iliyopita iliungua vipi.

VFD iingie kwenye mnyororo kwa njia mbili: amri yake ya kukimbia ipite kwenye mnyororo, na kontakta ya upande wa kuingiza umeme iachie dharura ikitokea. Kazi ya kila siku ya kuwasha na kuzima ifanywe na terminali ya kukimbia peke yake. Kuikata na kuirudisha VFD kwa kontakta mara kwa mara kunachosha saketi yake ya kuchaji kapasita.

Kitufe cha dharura kizime pampu na taa za majini. Kisizime taa za njia na ngazi. Mtu ametumbukia bwawani, watu wanakimbilia kumwokoa, halafu bustani nzima inakuwa giza: hapo umeongeza majeruhi.

## Hatua ya 3: Kiwango cha maji

Elektrodi nne zinafanya kazi tatu. Ya kwanza, ndefu kuliko zote, ni ya pamoja. Ya pili inazima pampu na taa, ya tatu inaanza kujaza, ya nne inaacha kujaza. Ziweke ndani ya bomba la PVC la mm 50 lililotobolewa chini, ili mawimbi ya chemchemi yasiifanye relei ipigepige.

Relei itumie AC kwenye elektrodi. DC inazila: ndani ya miezi michache unatoa kijiti chembamba kilichooza upande mmoja.

Elektrodi ya kuzima iwe juu ya vioo vya taa, si juu ya mdomo wa pampu peke yake. Taa nyingi za majini hupozwa na maji yanayoizunguka. Ikiachwa wazi ikiwaka, gasketi inaiva, na maji yakirudi yanaingia ndani.

Kuna mtego mmoja kwenye kujaza. Pampu zikiwaka, sentimita kadhaa za maji huwa hewani na kwenye mabomba, kwa hiyo kiwango kinashuka bila maji kupotea. Valvu ikijaza wakati huo, pampu zikizimwa bwawa linafurika. Ruhusu valvu ifunguke pampu zikiwa zimesimama tu, kwa mfano saa 11 alfajiri. Iwekee pia kikomo cha dakika 60: ikijaza muda huo bila kufika juu, ifunge na itoe tahadhari, kwa sababu ama kuna uvujaji ama tenki limekauka.

## Hatua ya 4: Pampu

Pampu ya kW 5.5 huvuta kama A 11 kwa V 400. Ya kW 1.5 kama A 3.5. Hizo ni za kukadiria kebo. Ovalodi iwekwe kwa namba iliyo kwenye kibati cha mota, isizidi hapo. Ikikata, usipandishe kipimo. Tafuta nozeli iliyoziba, beringi iliyokufa au fezi yenye volti ndogo.

Kwenye VFD, mota ipande polepole kwa sekunde 5 hadi 8 ili maji yasigonge mabomba. Kasi ya chini usiishushe chini ya Hz 30 kwa pampu ya kuzamishwa, maana mzunguko wa maji ya kuipoza unapungua.

Hesabu ya kujua: urefu wa maji hufuata kasi kwa kipeo cha pili, na nguvu inayoliwa kwa kipeo cha tatu. Kwa Hz 35, yaani asilimia 70 ya kasi, maji yanaruka karibu nusu ya urefu (mita 2.5) na mota inakula kama theluthi moja ya nguvu. Kwa hiyo saa ambazo mgahawa hauna watu, Hz 35 inatosha na bili inashuka kwa kiasi utakachokiona.

VFD huvujisha mkondo mdogo kwenye ardhi, na kebo ndefu ya kwenda kwenye mota huuongeza. Ndiyo sababu RCD moja ya mA 30 kwa pampu zote hukata bila kosa. Kila pampu na yake, na kebo ya mota iwe fupi na yenye wavu wa chuma unaozunguka nyaya, uliofungwa ardhi.

## Hatua ya 5: Upepo

Pwani yetu ina kaskazi na kusi, na chemchemi isiyojua upepo haitapita msimu mmoja bila malalamiko.

Weka kipima upepo mahali wazi, kwenye kimo kinacholingana na kilele cha maji, upande ambao upepo unatokea. Usikifunge nyuma ya paa la makuti wala katikati ya minazi: kitasema kumetulia wakati meza zinalowa.

Anza na viwango hivi, kisha rekebisha kwa macho:

1. Chini ya m/s 3: Hz 50, urefu kamili.
2. Kati ya m/s 3 na 6: Hz 35, nusu urefu.
3. Zaidi ya m/s 6: pampu ya katikati isimame, za pembeni ziendelee.

Kwenye VFD tumia kasi mbili za kudumu zinazochaguliwa na terminali, usihangaike na mkondo wa analogi. Waya chache, hitilafu chache.

Siri iko kwenye ucheleweshaji usiolingana. Kushuka: upepo ukizidi kwa sekunde 3 hadi 5, punguza mara moja. Kupanda: subiri dakika 5 za utulivu. Ukizilinganisha, maji yatapanda na kushuka kila dakika, na wageni watalowa kila mara yanapopanda.

Umefaulu ikiwa: siku ya upepo wa wastani, sakafu iliyo mita 1 nje ya ukingo ni kavu baada ya nusu saa.

## Hatua ya 6: Taa za ndani ya maji

Taa 12 za W 18, makundi matatu ya taa nne. Tumechagua V 24 DC badala ya V 12, na hesabu inaonyesha sababu. Taa nne kwa V 12 zinavuta A 6. Kebo ya mm² 2.5 yenye urefu wa mita 20 ina ukinzani wa kama ohm 0.28 kwenda na kurudi. Unapoteza V 1.7, asilimia 14, na taa zinafifia na kubadilika rangi. Kwa V 24 zinavuta A 3, unapoteza V 0.84, asilimia 3.5 tu.

Kiungo cha kebo ndicho kinachoua taa hizi. Kioo kikipata ufa, maji hayabaki kwenye taa: hupanda ndani ya ganda la kebo, kati ya nyuzi, hadi kwenye sanduku. Ukilifungua unakuta sanduku limefungwa vizuri kabisa, glandi (kibanio cha kebo mlangoni mwa sanduku) imekazwa, na ndani kuna maji na terminali za kijani. Dawa ni kumenya kila waya kwa sehemu fupi ndani ya sanduku na kumimina resini izizunguke nyaya hizo, ili njia ya maji ikatike hapo.

DMX: taa ya rangi nne hutumia chaneli 4. Taa ya kwanza anwani 1, ya pili 5, ya tatu 9, hadi ya kumi na mbili 45. Andika anwani kwenye kila taa kwa alama isiyofutika kabla ya kuizamisha. Kebo ipite taa hadi taa kwa mstari mmoja, bila matawi, na mwisho kabisa uweke ohm 120 kati ya data+ na data−. Taa zikipepesa rangi ovyo, angalia kwanza kizuizi hicho, kisha tafuta tawi ambalo fundi aliliongeza bila kusema.

## Hatua ya 7: Taa za nje

Gawa kwa matumizi, usigawe kwa ukaribu wa waya:

- A: njia na ngazi. Machweo hadi macheo.
- B: miti na bustani. Machweo hadi 23:00.
- C: kuta za jengo. Machweo hadi 23:00, au kama meneja atakavyo.
- D: upande wa ufukwe. Machweo hadi 21:30.

Kila saketi ipitie kontakta. Draiva za LED huvuta, kwa sehemu ndogo ya sekunde wakati wa kuwaka, mkondo mkubwa mara makumi kuliko wa kawaida. Mguso wa A 16 wa taima au fotoseli (kihisi cha mwanga) ukibeba taa 30 moja kwa moja, siku moja unaganda. Ndiyo zile taa zinazowaka mchana huku taima ikisema "zima".

Saketi D itazame kwa uzito. Fukwe kama za Watamu na Mafia ni mazalio ya kasa. Vitoto vikitoka mchangani usiku hufuata mwanga wa upeoni, na taa nyeupe za hoteli huvigeuza vielekee bustanini vikafie huko. Tumia taa za rangi ya kaharabu zenye mwanga wa nm 590 au zaidi, ziwe chini, zielekezwe nchi kavu na zifunikwe upande wa bahari. Mahali kasa wanakotaga, D na taa za majini zinazoonekana kutoka ufukweni zizimwe mapema katika msimu wa mayai kuanguliwa.

## Hatua ya 8: Saa na machweo

Sasa ndipo unawasha. Weka latitudo na longitudo: Dar es Salaam ni 6.8 Kusini, 39.3 Mashariki, Mombasa ni 4.05 Kusini, 39.67 Mashariki. Ukanda wa saa ni +3. Kwa Dar, jua huzama kati ya kama 18:10 na 18:50 kutegemea mwezi, kwa hiyo taima iliyowekewa saa ile ile mwaka mzima lazima ikukosee.

Makosa matatu yanajirudia:

1. Saa ya Kiswahili kwenye taima ya saa 24. Saa 12:30 jioni huandikwa 18:30. Ukiandika 12:30, taa zitawaka mchana.
2. Latitudo ya Kaskazini badala ya Kusini. Taima itakosea kwa dakika kadhaa zinazobadilika kwa msimu, na utailaumu bure kwamba ni mbovu.
3. Mabadiliko ya saa ya kiangazi ya Ulaya. Taima nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeyawasha. Mwishoni mwa Machi saa inaruka peke yake, na Oktoba inarudi. Yazime.

Fotoseli iwe msaidizi wa saketi A tu, kwa jioni zenye mawingu mazito. Isielekee taa za saketi A inazoziwasha, la sivyo itawaka na kuzima usiku kucha.

## Hatua ya 9: Umeme kukatika na jenereta

Umeme ukirudi, kila kitu kisiamke pamoja. Panga: saketi A mara moja, nyingine kwa nafasi ya sekunde 5, kisha pampu moja moja kwa sekunde 10. Kwenye jenereta ruhusu A peke yake. Chemchemi isubiri.

Jenereta mara nyingine huunganishwa kwa mpangilio tofauti wa fezi. Pampu za kontakta zikiwashwa hapo licha ya katazo hilo zinazunguka kinyume: zinanguruma, maji yanatoka dhaifu. Ile ya VFD haiathiriki, kwani VFD hutengeneza fezi zake yenyewe. Hiyo ndiyo dalili: katikati maji ni mazuri, pembeni yamelegea, na ilianza baada ya kubadili chanzo. Relei ya fezi ya hatua ya 2 inapaswa kuzuia hali hii. Kama haikuzuia, haijafungwa kwenye mnyororo.

## Hatua ya 10: Majaribio kabla ya kukabidhi

1. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kila RCD. Zote zikate. Rudia kila mwezi.
2. Swichi ikiwa Mkono, inua elektrodi kutoka majini. Pampu zisimame. Zisiposimama, rudi hatua ya 2.
3. Bonyeza kitufe cha dharura usiku. Pampu na taa za majini zizime, njia ibaki na mwanga. Ukikiachia, kitu kisiwake chenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuanza.
4. Zungusha vikombe vya upepo kwa mkono. Maji yashuke ndani ya sekunde 5 na yasipande kabla ya dakika 5.
5. Kata umeme mkuu, urudishe, na uhesabu mpangilio wa kuamka.
6. Pima ampea za kila fezi kwa klampu mita na uziandike ndani ya mlango wa paneli pamoja na tarehe. Fundi atakayekuja baada yako atahitaji namba hizo kujua kama pampu imeanza kuchoka.

Kila wiki safisha vichujio na nozeli, na pima klorini (mg/l 1 hadi 3) na pH (7.2 hadi 7.8), kwa sababu matone yanayopeperuka huvutwa na watu wanapopumua. Kila mwezi fungua paneli umeme ukiwa umekatwa, kaza terminali, futa chumvi, na hakikisha kivuli cha paneli bado kipo: VFD nyingi huanza kupunguza uwezo wake joto la ndani likipita nyuzi 40.